Wazo la biashara lina mwenyewe? Mwongozo kamili wa kulinda kinacholindika

Wazo la biashara halina hati. Ukimweleza mtu kwamba maofisi ya eneo la Posta, Dar es Salaam, hayana anayeyapelekea uji wa lishe kila asubuhi kwa malipo ya mwezi, na Jumatatu akaanza kuupeleka yeye, hakuna ofisi wala mahakama Tanzania itakayomzuia kwa sababu tu wewe ndiye uliyeliwaza kwanza. Zinazolindika ni zile sehemu za biashara zinazolizunguka wazo: jina, maandishi, kifaa, siri ya utengenezaji, orodha ya wateja, na ahadi ambazo watu wamekupa kwa maandishi. Kila sehemu ina ulinzi wake, gharama yake na ofisi yake. Wengi wanaolia kuibiwa wazo walikuwa na sehemu tatu au nne za kulinda, wakabaki kulinda ile moja isiyolindika.

Sheria inasimamia wapi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda namna ulivyolieleza jambo: kitabu, mchoro, wimbo, picha, programu ya kompyuta. Wazo lililo ndani ya maelezo hayo halilindwi. Andiko lako la biashara la kurasa 30 ni mali yako, na mtu akilinakili na kulipeleka benki kwa jina lake amekukosea. Akilisoma, akalifunga, kisha akaanzisha biashara ya namna hiyohiyo kwa maneno na michoro yake, hakimiliki haimgusi.

Sheria ya Hataza ya 1987 nayo inaziweka nje kwa kuzitaja kabisa mbinu na kanuni za kufanya biashara. Hataza (patent) hutolewa kwa uvumbuzi, yaani suluhisho la tatizo la kiteknolojia. Kuuza kwa mkopo wa wiki, kupeleka mzigo kwa bodaboda, kukodisha magauni ya harusi, kuunganisha mafundi na wateja kwa simu: hizo ni mbinu za biashara, haidhuru ni mpya kiasi gani mtaani kwako.

Vodacom ilipoanzisha M-Pesa hapa nchini mwaka 2008 haikuweza kuizuia mitandao mingine kutuma fedha kwa simu. Tigo Pesa na Airtel Money zikaja, na zote zikapata wateja. Kilichobaki cha Vodacom peke yake ni jina, nembo, mikataba na mawakala wake, na mfumo wake wa ndani.

Kesi inayotajwa sana kama ushahidi kwamba wazo linaweza kumilikiwa inathibitisha kinyume chake. Nkosana Makate alikuwa mhasibu anayejifunza kazi Vodacom ya Afrika Kusini alipoandika, Novemba 2000, wazo la kumwezesha asiye na salio kumwomba mwenzake ampigie. Huduma ilizinduliwa 2001 kwa jina la Please Call Me. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilimpa ushindi Aprili 2016, na hoja iliyomshindisha ni kwamba mkuu wa kitengo cha bidhaa alikubaliana naye kwa mdomo kuwa huduma ikifaa atalipwa. Alishinda kwa makubaliano. Hata hivyo ushindi ulikuja miaka 15 baada ya huduma kuanza, na ubishi wa kiasi cha malipo ukaendelea baada ya hapo. Karatasi moja iliyosainiwa yenye asilimia ndani yake ingefupisha safari hiyo sana.

Hatua ya kwanza: pasua wazo vipande

Chukua karatasi, andika biashara nzima kama itakavyofanya kazi kuanzia kununua malighafi hadi fedha kuingia. Kisha kwa kila kitu jiulize: mtu akikichukua hiki peke yake, nitaumia? Na akikiona kwa macho tu, ameshakipata?

Tuendelee na uji wa lishe. Jina na nembo: vinaonekana na kila mtu, vinalindwa kwa kusajili alama ya biashara. Maneno na picha za kifungashio na za mtandaoni: hakimiliki. Viambato: havifichiki, kwa kuwa kifungashio chenyewe kinatakiwa kuvitaja. Uwiano wa viambato, muda wa kukaanga soya na namna ya kuondoa uchungu wake: siri. Mashine ya kujaza pakiti uliyobuni na fundi wa mtaa wa Gerezani: pengine hataza. Orodha ya maofisi 60 yanayolipa kwa mwezi, nani huidhinisha malipo na tarehe ngapi: siri, na kwa maoni yetu ndiyo mali kubwa kuliko zote hapo. Utaratibu wa kulipia mwezi kabla ya kunywa: haulindiki, usiupotezee usingizi.

Ukimaliza utakuwa na mafungu matatu: vya kusajili, vya kuficha, na vya kuachia. Fungu la tatu huwa kubwa, na ni afadhali ulijue mapema.

Jina: sajili kabla hujachapisha mifuko

Kosa la kila siku ni kudhani cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kinakupa umiliki wa jina hilo. Hakikupi. Cheti cha jina la biashara kinasema fulani anafanya biashara kwa jina hili. Usajili wa kampuni unasema kuna kampuni inayoitwa hivi. Kinachokupa haki ya kumzuia mwingine kutumia jina kwenye bidhaa ni usajili wa alama ya biashara au huduma, chini ya sheria ya 1986. Ofisi ni hiyohiyo, maombi ni tofauti.

Fanya hivi:

1. Chagua jina lisiloeleza bidhaa. "Uji Bora" au "Lishe Safi" litakataliwa, au likipita litakuwa dhaifu, kwa sababu kila muuza uji ana haki ya kusema uji wake ni bora. Majina ya mahali pia husumbua. Jina la kubuni, au neno la kawaida lisilohusiana na bidhaa, ndilo lenye nguvu.

2. Tafuta kama lipo: kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, Instagram, Facebook, na kwa miguu. Zunguka Kariakoo na maduka ya jumla uangalie mifuko. Tafuta pia majina yanayosikika vilevile yakitamkwa, maana msajili huangalia mfanano wa sauti na wa macho, haishii kwenye herufi.

3. Chagua daraja. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45 ya kimataifa: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Unga na vyakula vya nafaka viko daraja la 30. Huduma ya chakula na mgahawa, 43. Usafirishaji, 39. Nguo, 25. Programu za simu za kupakua, 9. Ulinzi hauvuki daraja kirahisi: aliyesajili jina la nguo peke yake hana nguvu moja kwa moja dhidi ya anayelitumia kwenye mgahawa. Kila daraja linalipiwa, kwa hiyo anza na lile unaloingizia fedha sasa na lile utakaloingia ndani ya miaka miwili.

4. Fungua akaunti kwenye mfumo kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), jaza maombi, pakia nembo. Hapa fikiri kidogo. Ukisajili neno tupu bila rangi wala mtindo wa herufi, unalinda neno kwa mwonekano wowote. Ukisajili nembo yenye rangi, unalinda zaidi mwonekano ule. Mwenye fedha ya ombi moja asajili neno.

5. Maombi yakikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la msajili, na watu wana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita salama, lipia usajili upate cheti. Ulinzi ni wa miaka 7 ya kwanza, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Muombaji awe nani? Kama kuna kampuni, iwe kampuni. Nembo nyingi zimesajiliwa kwa jina la mshirika aliyekuwa na muda wa kukaa kwenye kompyuta siku hiyo, na washirika wakigombana yeye ndiye huondoka na jina.

Usajili huo unaishia Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na sheria zake. Anayepeleka bidhaa Unguja aombe na huko.

Maandishi, picha na programu

Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapotengenezwa. Haidai usajili, na kwa kazi nyingi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kwenye ushahidi.

Tatizo lipo kwa kazi uliyomlipa mtu akufanyie. Umemlipa mbunifu wa Sinza laki mbili akuchoree nembo. Umelipia mchoro, lakini haki ya mchoro huo hamkuiandika popote. Miaka mitatu baadaye biashara imekua, naye anadai. Hali ni mbaya zaidi kwa programu ya simu: kijana aliyeiandika ana nywila zote, seva imelipiwa kwa kadi yake, na msimbo wa programu (code) uko kwenye akaunti yake. Kabla ya malipo ya mwisho hakikisha una vitu vinne: mkataba uliosainiwa unaosema haki zote za kazi hii zimehamia kwako, faili za asili zinazoharirika (picha ya nembo peke yake haitoshi), msimbo wote kwenye akaunti yako, na usajili wa tovuti ukiwa kwa jina na barua pepe yako. Bakiza asilimia 30 ya malipo mpaka hivyo vinne vifike. Ukilipa yote mwanzoni, cha mwisho kufika huwa nywila.

Kifaa kipya

Ukiwa na mashine, sehemu ya mashine au njia mpya ya kutengeneza kitu, hataza inawezekana. Masharti ni matatu: iwe mpya, isiwe jambo ambalo fundi yeyote mzoefu angelifikia kwa urahisi, na itumike viwandani. Sheria ya 1987 inatoa miaka 10 tangu kuomba, inayoweza kuongezwa mara mbili kwa miaka 5. Kuna pia cheti cha daraja la chini yake kwa maboresho madogo ya vifaa, chenye muda mfupi zaidi.

Neno "mpya" ndilo linalowaangusha watu. Ukiipeleka mashine Sabasaba, ukairusha video TikTok, au ukaieleza kwenye mashindano ya ubunifu kabla ya kuwasilisha maombi, unaweza kuwa umeuua upya wake kwa mikono yako. Wasilisha kwanza, onyesha baadaye. Ukilazimika kuonyesha, onyesha inachofanya na funika jinsi inavyofanya.

Uandishi wa madai ya hataza ni kazi ya mtaalamu na unagharimu. Kwa kifaa ambacho kila fundi wa Keko atakiiga ndani ya wiki na huna fedha ya kumfuata mahakamani, mara nyingi ni busara zaidi kuweka fedha hiyo kwenye uzalishaji.

Siri: ulinzi wa bei nafuu unaodharauliwa

Tanzania haina sheria moja maalumu ya siri za biashara. Ulinzi unatokana na mikataba na kanuni za sheria ya Kiingereza zilizopokelewa nchini, ambazo kwa habari za siri huuliza mambo matatu: je, habari ilikuwa siri kweli? Je, ilitolewa katika mazingira ambayo mpokeaji alijua ni siri? Je, ameitumia bila ruhusa na kukuumiza? Ukishindwa swali la kwanza hayo mengine hayana kazi. Siri iliyobandikwa ukutani jikoni si siri.

Namna ya kuitunza, kwa mfano wa uji:

Gawa kazi ili mtu mmoja asione yote. Kwa unga wa kilo 50, nafaka, tuseme kilo 35 za mahindi, ulezi na mchele, ziende kusagwa Tandale kama kawaida. Kilo 15 zilizobaki za soya na karanga uzikaange, uzisage na kuzichanganya kwako. Msagaji atajua nusu ya hadithi, na hiyo nusu inajulikana na kila mtu.

Vipe viambato muhimu majina ya ndani. Mchanganyiko A, mchanganyiko B, vyote vimepimwa tayari kwenye mifuko ya kilo moja. Mfanyakazi anaambiwa: mfuko mmoja wa A kwa kilo nne za B.

Andika uwiano mahali pamoja, karatasi moja iliyofungiwa na nakala moja yenye nywila, na andika juu yake neno SIRI na tarehe. Weka daftari dogo la waliowahi kuuona: jina, tarehe, sababu, saini. Daftari hili linaonekana la kizamani, lakini mbele ya mahakama linajibu swali la kwanza na la pili kwa mpigo.

Orodha ya wateja isikae kwenye simu ya mfanyakazi. Mpe simu ya ofisi yenye laini ya ofisi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, anayeondoka na majina na namba za wateja wako anaweza kuwa na kesi mbili: yako na ya hao wateja. Wewe nawe unawajibika kuzitunza.

Mkataba wa usiri

Usimpe kila mtu. Wawekezaji wengi hawatasaini katika kikao cha kwanza, kwa kuwa wanasikia mawazo yanayofanana kila wiki na hawataki kujifunga. Kuwashikilia wasaini kabla hujafungua mdomo kunakuonyesha mgeni. Gawa maelezo yako mara mbili. Kikao cha kwanza: tatizo, ukubwa wa soko, mauzo mliyokwisha kufanya, mnachotaka. Hicho hata kikivuja hakikuvunji. Kikao cha pili, akishaonyesha nia: uwiano, wasambazaji, bei ya kununulia, msimbo, majina ya wateja. Hapo ndipo anasaini.

Watu wasiokwepeka kusaini ni mshirika, mpishi au fundi anayejua mchanganyiko, msimamizi wa mauzo, mwandishi wa programu, na kiwanda kinachokutengenezea.

Mkataba mzuri unaenea kurasa mbili. Uwe na: majina kamili na namba za NIDA (au namba ya usajili kama ni kampuni, na cheo cha anayesaini), habari gani ni siri, kwa kutaja aina zake, lengo la kumpa habari hiyo na kwamba haruhusiwi kuitumia kwa lingine lolote, yasiyohesabika kuwa siri, yaani aliyokwisha kuyajua na yaliyo hadharani, muda, kurudisha au kufuta nyaraka, na nini kitafuata akivunja. Kwa muda, miaka 2 au 3 inatosha kwa bei na mipango; kwa uwiano wa viambato andika "muda wote utakapobaki kuwa siri".

Sehemu mbili huandikwa vibaya mara kwa mara. Ya kwanza ni maelezo ya siri. "Habari zote za biashara" haimfungi mtu vizuri. "Uwiano wa viambato, joto na muda wa kukaanga, majina na bei za wasambazaji, orodha ya wateja na masharti yao ya malipo" inamfunga. Ya pili ni adhabu. Watu huandika shilingi bilioni moja ili kutisha. Chini ya Sheria ya Mikataba mahakama hutoa fidia inayostahili isiyozidi kiasi mlichotaja, kwa hiyo bilioni haikupi bilioni. Taja kiasi unachoweza kukitetea kwa hesabu: faida ya miezi sita, kwa mfano.

Kumkataza mfanyakazi asifanye kazi ya uji popote Tanzania kwa miaka mitano ni kujiandikia kifungu kitakachoanguka. Kumkataza asiwafuate wateja wako 60 kwa miezi 12 kunaweza kusimama.

Saini kila ukurasa, shahidi mmoja kila upande, na muulize wakili ushuru wa stempu unaohusika. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe, na unaolipwa kwa kuchelewa huja na nyongeza.

Wezi walio ndani

Anayekuumiza mara nyingi si mgeni uliyempigia stori kwenye daladala. Ni mshirika. Na anachochukua si wazo, ni funguo za biashara.

Kabla hamjauza hata pakiti moja, kaeni na orodha hii na muandike kila kimoja kiko kwa jina la nani: laini ya WhatsApp ya biashara (imesajiliwa kwa alama za vidole za nani?), Lipa Namba, akaunti ya benki na nani anasaini, ukurasa wa Instagram na barua pepe iliyoufungua, tovuti, mkataba wa fremu, TIN na leseni, cheti cha alama. Mshirika mwenye laini na Lipa Namba akiondoka leo, kesho wateja watalipa kwake bila kujua kuwa kuna ugomvi. Hamisha vyote kwenye kampuni, na viwili vya kwanza uvihamishe kabla ya vingine.

Kisha mgao. Usimpe mtu asilimia 40 siku ya kwanza kwa ahadi ya kufanya kazi. Andikeni kwamba hisa zake zinakomaa kidogokidogo, tuseme ndani ya miezi 48, na akiondoka kabla ya miezi 12 hapati kitu. Akiondoka mwezi wa 18, amestahili 18 kati ya 48 ya asilimia 40, yaani asilimia 15. Zilizobaki zinarudi. Wakili aiweke vizuri kwenye makubaliano ya wanahisa. Hesabu mnaweza kuifanya wenyewe mezani.

Kwa wafanyakazi, weka kifungu cha usiri na cha umiliki wa kazi ndani ya mkataba wa ajira wenyewe, siku ya kuanza. Mkataba wa usiri unaoletwa siku anayoaga haumtishi mtu, na atauliza anasaini kwa kupata nini.

Mzigo kutoka China

Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo siri mara nyingi ni kiwanda. Nayo huvuja kwa njia za kijinga: katoni zinashuka kwenye godauni la mtaa mzima zikiwa na jina na simu ya kiwanda, ndani ya bidhaa kuna kadi ya muuzaji, na ankara inapita mikono ya watu wanne. Agiza katoni zisizo na maandishi zaidi ya alama yako ya usafirishaji, kataza kadi na lebo ndani, na anayefungua mzigo afungue ndani ya stoo, si barabarani Mtaa wa Kongo.

Kiwanda hakitakupa upekee kwa kuomba. Kinauza upekee kwa idadi: unaahidi vipande kadhaa kwa mwaka, nacho kinaahidi kutouza umbo hilo kwa mwingine wa Tanzania. Usipofikisha idadi, ahadi imekufa. Na kwa kuwa China humpa alama yule aliyetangulia kuomba, jina lako likianza kuuza, mtu wa huko anaweza kulisajili mbele yako. Mwenye kuagiza kontena kwa kontena aombe na China.

Ushahidi unaosimama

Kujitumia bahasha kwa posta na kuihifadhi bila kufungua hakukupi haki yoyote. Kunaonyesha tarehe tu, na bahasha huweza kubishiwa. Njia bora ni barua pepe: baada ya kila kikao, siku hiyohiyo, mwandikie uliyezungumza naye. "Ndugu, asante kwa kikao cha leo Mikocheni. Kama tulivyokubaliana, uwiano na orodha ya wateja niliyokuonyesha ni siri na ni kwa ajili ya kutathmini uwekezaji tu." Akijibu "sawa", una kitu. Asipokanusha, bado una kitu.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama itauliza ulitunzwaje na kama haukuchezewa. Picha ya skrini peke yake ni dhaifu. Usifute mazungumzo, hamisha gumzo zima pamoja na viambatisho, na tunza simu yenyewe. Ukibadilisha simu, ya zamani usiiuze mpaka shauri liishe.

Umeshachukuliwa: ufanye nini

Kwanza taja kilichochukuliwa kwa sentensi moja, kwa kutumia vile vipande. Kama sentensi inaishia kwenye "ameiga biashara yangu", huna shauri, una mshindani. Kama ni "anatumia jina langu lililosajiliwa daraja la 30" au "amewapigia wateja 22 wa orodha aliyoitia saini", unalo.

Nunua bidhaa yake na udai risiti ya EFD (mashine ya kodi). Piga picha duka, tarehe ionekane. Hifadhi kurasa zake za mtandaoni kabla hajajua. Kisha tu ndipo wakili aandike barua ya madai, kwa kawaida ikitoa siku 7 au 14: aache, akabidhi, alipe. Migogoro mingi ya majina huishia hapo, hasa mwenye duka akiona nakala ya cheti.

Bidhaa bandia zenye alama yako, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ukiwa na cheti na sampuli mbili: halisi na bandia. Aliyeomba kusajili jina linalofanana na lako, mwekee pingamizi BRELA ndani ya zile siku 60. Picha na maandishi yaliyonakiliwa mtandaoni, ripoti kwenye mtandao husika. Huondolewa haraka kuliko kesi. Kuvunjwa kwa mkataba ni mahakamani, na muda wa kufungua shauri ni miaka 6. Usisubiri hata hivyo: kadiri unavyokaa kimya, siri inazidi kuwa ya wote.

Usimwite mwizi Instagram. Ukishindwa kuthibitisha, shauri litageuka, na wewe ndiye utakayejibu madai ya kashfa.

Ukiwa wewe ndiye unayeiga

Inaruhusiwa, na biashara ya Dar inaishi hivyo. Ukiona mtu wa Mwenge anauza vizuri, nenda kale kwake, hesabu wateja, angalia bei, kisha ufungue chako Tegeta. Mipaka ni hii: jina na mwonekano wako visimfanye mteja adhani ni yule, picha upige zako, maneno uandike yako, usimwajiri mpishi wake kwa sharti la kuja na daftari. Akija mwenyewe kuomba kazi, msainishe karatasi kwamba hakuleta nyaraka wala siri za mwajiri wa zamani, na umwambie mbele ya shahidi kuwa huzitaki. Karatasi hiyo iweke kwenye faili lake. Barua ya wakili wa upande wa pili ikifika, ndiyo ya kwanza kuitafuta.